Karakana Haitumiki Mchana

Jina lake halisi limo katika majalada ya ofisi, nalo ni jina zuri, lakini shuleni hapakuwa na aliyelitumia. Wanafunzi walimwita Mwalimu Ratiba. Walimu wenzake walifupisha wakasema Ratiba tu. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, alimwita "mke wa ubao" kila alipochoka kumsubiri kwa chakula cha mchana, na alichoka karibu kila siku.

Alifika shuleni akiwa mwalimu wa hisabati, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja. Kabla hajamaliza mwezi, mwalimu aliyekuwa akipanga ratiba aliugua, na Mkuu wa shule wa wakati ule akamwomba amshikie mwenzake kazi hiyo kwa wiki mbili. Mwaka wa mkasa ninaotaka kuusimulia, wiki hizo mbili zilikuwa zimetimiza miaka kumi na tisa.

Shule yenyewe ni ya serikali, ni kubwa, na haichagui mtoto. Aliyefaulu kwa alama za juu kabisa na aliyeponea chupuchupu huingia kwa lango lilelile, na kila mmoja huangukia dawati ambalo mguu wake mmoja unachechemea. Wanafunzi ni elfu mbili kasoro kidogo, katika mikondo arobaini na minane. Karibu na lango pamebandikwa orodha ya masomo, nayo ukiisoma utadhani uko mbele ya duka la jumla: fizikia, kemia, biolojia, kilimo, historia, lugha tatu, muziki, uchoraji, ushonaji, upishi, useremala, hesabu za biashara, na riadha kwa wenye miguu. Wazazi husimama pale wakaisoma kwa sauti, wakafurahi.

Ratiba hakuwa na furaha hiyo. Yeye alijua kwamba somo huwapo pale tu chumba, mwalimu na saa vinapokutana, na kwamba kazi ya kuvikutanisha ilikuwa yake peke yake. Aliwahi kuwaambia walimu wapya kikaoni, bila kutabasamu: "Msisome orodha ya langoni. Njooni msome ubao wangu. Kisichopata msumari hakipo."

Ubao huo ulining'inia kwa kamba katika chumba kidogo nyuma ya ofisi. Aliuchonga mwalimu wa useremala, ambaye sote tulimwita Fundi, na ulikuwa na safu arobaini na nane za misumari midogo, kila mkondo safu yake. Kila safu ilikuwa na misumari arobaini, msumari mmoja kwa kila kipindi cha wiki: vitano kabla ya chakula na vitatu baada yake, kwa siku tano. Jumla misumari elfu moja mia tisa na ishirini. Juu yake Ratiba aliangika kadi alizozikata mwenyewe kutoka kwenye maboksi ya viatu, akazipaka rangi kwa kila somo. Kilimo kijani, fizikia bluu, muziki zambarau, useremala kahawia. Mwaka mmoja shule ililetewa kompyuta yenye programu ya kupanga ratiba. Ilinguruma asubuhi nzima, mwishowe ikaandika kwamba haiwezekani. "Hilo nami nalijua," Ratiba akasema, akarudi kwenye misumari yake. Kompyuta ikabaki kuchapia barua.

Kwa kweli haikuwa kazi ya kumfanya mtu awe mpole. Mwalimu mmoja wa lugha hakutaka kufundisha kabla ya saa tatu kwa sababu sauti yake, alisema, ilikuwa bado haijaamka. Mwalimu wa michezo alitaka alasiri zote, na alipopewa mbili alinuna muhula mzima. Kila ombi alilolikubali Ratiba aliliandika katika daftari jeusi aliloliita daftari la masharti, akalipa nambari, kisha akalitii sawasawa mwaka hadi mwaka. Lilikuwa na masharti thelathini na moja.

Mwaka ule, wiki moja kabla ya muhula kufunguliwa, ilikuja barua kutoka ofisi ya elimu. Mkuu wetu wa sasa, mwanamke makini asiyependa makelele, aliipeleka mwenyewe katika chumba cha ubao siku ya Jumatatu na kuisoma akiwa amesimama. Ilisema kwamba shule haitaruhusiwa tena kuwakatalia wanafunzi masomo ya ufundi waliyoyachagua. Somo lolote la ufundi ambalo halitaonekana kwenye ratiba kwa ajili ya wote waliolichagua, kufikia Ijumaa saa sita mchana, litafutwa, na mwalimu wake atahamishiwa kwingine.

"Waliochagua useremala ni wangapi?" Mkuu akauliza.

"Makundi kumi na mawili."

"Na una nafasi za makundi mangapi?"

"Kumi. Kila mwaka ni kumi. Kila kundi linataka vipindi viwili vinavyofuatana, karakana ni moja, na Fundi ni mmoja. Asubuhi moja inameza makundi mawili, na wiki ina asubuhi tano."

"Kwa hiyo miaka yote tulikuwa tunawafanyaje waliozidi?"

"Nilikuwa nawaandikia kwenye fomu kwamba nafasi zimejaa."

Mkuu akaikunja barua. "Mwaka huu huwezi kuandika hivyo, dada. Tafuta mawili."

Ratiba akatafuta. Jumanne alimhamisha mwalimu wa historia mara nne, na mara ya nne mwalimu huyo alimwomba amwambie tu kama bado yumo shuleni. Jumatano alijaribu kuanza masomo nusu saa mapema, akakuta mabasi ya wanafunzi hayafiki. Na kila saa ya mapumziko mlango ulifunguliwa kidogo, akachungulia msichana wa kidato cha pili aliyekuja shuleni siku hizo kupalilia bustani pamoja na wenzake. Wanafunzi walimwita Futi, kwa sababu mfukoni mwa sweta lake hakukosa futi ya chuma ya kupimia, na alikuwa ameshapima kila kitu pale shuleni, pamoja na Mkuu, kwa macho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Bado."

"Mbona sijauliza kitu?"

"Ungeuliza. Kundi lako ni la kumi na mbili. Bado."

"Mwalimu, mimi fizikia nimeshapata. Nikipata na useremala nitaweza kutengeneza ile mashine ya kuvutia maji. Nimeshaichora. Nikuonyeshe?"

"Usinionyeshe. Ukinionyesha nitashindwa kulala. Nenda kapalilie."

Alirudi nyumbani alasiri ile akiwa amechoka hata kuvua viatu. Mama yake alikuwa jikoni akichambua mchele kwenye sinia.

"Leo nani tena kakuudhi?"

"Kahawia."

"Kahawia ndiye nani?"

"Ni rangi, mama."

Mama akaweka sinia chini. "Makubwa haya. Wanawake wenzako wanaudhiwa na waume, wewe unaudhiwa na rangi. Mwanao kaenda kuuguza wagonjwa mji wa mbali, hujamwandikia tangu mwezi jana, lakini kahawia unajua iliko."

"Hapo ndipo penye taabu, mama. Sijui niiweke wapi."

"Iweke chini, ule."

Alhamisi, saa moja kasorobo asubuhi, Ratiba alifungua mlango wa chumba chake, akasimama kizingitini.

Ubao ulikuwa umependeza sana. Jumatatu yote ilikuwa kijani kutoka juu hadi chini. Jumanne ilianza kwa bluu ikaishia kwa njano. Zambarau ilikaa pamoja kama zulia. Kwa mujibu wa ubao ule, wanafunzi wote wa shule walikuwa wakilima kwa wakati mmoja Jumatatu asubuhi, na mwalimu wetu wa pekee wa muziki alikuwa akifundisha madarasa arobaini na manane kwa pigo moja.

"Nani," Ratiba akauliza taratibu, "amegusa ubao wangu?"

Mtunza majengo alikuwa nyuma yake na ndoo mkononi. Huyu tulimwita Funguo, kwa sababu ya shada la funguo lililomning'inia kiunoni, ambalo tulilisikia kabla hatujamwona.

"Mimi, mwalimu. Nilikuwa naushusha nipanguse ukuta, si watu wa ofisi ya elimu wanakuja kutukagua? Kamba ikakatika. Lakini ondoa wasiwasi, kadi haikupotea hata moja. Nimezirudisha zote."

"Umezirudisha wapi?"

"Si hapo kwenye misumari? Nimezipanga kwa rangi. Zile zilikuwa zimechanganyika vibaya, nikasema labda ndiyo maana kila siku unazihamisha haziishi."

Ratiba aliketi. Nakala ya karatasini hakuwa nayo. Kwa miaka kumi na tisa hakunakili ubao kabla haujakamilika, kwa kuwa aliona kunakili kazi isiyokwisha ni kuchafua karatasi.

"Kaka Funguo. Unajua nimekaa hapa siku ngapi na hizi kadi?"

"Siku kumi na moja, mwalimu. Nilikuwa nakufungulia."

"Na ukaona unisaidie."

"Niliona nikusaidie."

"Basi leo utanisaidia," Ratiba akasema, "mpaka useme basi, na ukisema basi nitakuongezea."

Mkuu alipoelezwa alishika kichwa, akatazama ubao, akasema kwamba unapendeza kwa kweli, akaondoka haraka. Ratiba akavua saa, akakunja mikono ya blauzi, akaanza upya kwa kumbukumbu. Alisimama mbele ya ubao amefumba macho, akitaja mkondo na kipindi, na Funguo akimpa kadi. Mwanzoni Funguo alimpa waridi badala ya nyekundu, akakemewa. Alimpa nyekundu mbili, akakemewa. Hata yeye subira ikamwisha.

"Mwalimu, mbona unanigombeza mimi, si wewe uliyetaja vibaya? Ulisema mkondo wa saba mara mbili."

"Sikusema."

"Umesema. Muulize huyo mtoto mlangoni."

Futi alikuwa mlangoni na jembe lake. "Amesema, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, na ondoka!"

Hata hivyo kumbukumbu ya mtu aliyefanya jambo moja kwa miaka kumi na tisa si kitu cha kudharau. Kufikia saa nane mchana ubao ulikuwa umerudi katika vurugu yake ya kawaida, ile vurugu yenye maana, isipokuwa kadi za kahawia, ambazo Ratiba aliziacha mwisho kama mtu anavyoacha dawa chungu. Zilikuwa ishirini na nne. Ishirini ziliingia asubuhi, mbili mbili. Nne zikabaki mkononi mwa Funguo, naye, akiona misumari mitupu upande wa mchana wa Jumanne, akaangika mbili pale.

"Toa."

"Pana nafasi, mwalimu."

"Toa, nimesema. Karakana haitumiki mchana."

"Ina nini mchana?"

"Ina kelele. Sharti la tisa." Akalifungua daftari jeusi akamwonyesha kwa kidole. Mwandiko ulikuwa wake, wino umeanza kufifia: Karakana haitumiki mchana. Kelele za msumeno. Maktaba ukuta mmoja. "Watoto wanasoma maktaba mchana, na ukuta ni ule ule. Msimamizi wa maktaba alinilalamikia mpaka akalia."

Funguo alilitazama daftari, kisha akamtazama Ratiba kwa mashaka, kama mtu anayechelea kukemewa mara ya ishirini siku hiyo.

"Mwalimu, maktaba si ilihama?"

"Ilihama lini?"

"Mwaka paa lilipovuja. Sasa ni miaka sita. Vitabu nilivibeba mimi, kwa toroli, siku tatu. Iko kule karibu na lango. Na wewe kila Jumatano unakwenda kuazima kitabu, mimi ndiye ninayekufungulia."

Ilikuwa kweli. Jana yake tu alikuwa ameketi katika maktaba hiyo mpya, chini ya dirisha lake kubwa, robo saa nzima, akijisahaulisha habari za karakana.

"Na kile chumba cha zamani kina nini?"

"Mipira. Na nyavu."

"Kifungue."

Walitembea pamoja hadi nyuma ya majengo, Ratiba mbele, shada la funguo likilia nyuma yake. Chumba kilipofunguliwa mpira mmoja wa kikapu ulibingirika ukatoka nje. Upande wa pili wa ukuta palisikika nyundo ikigonga. Waliuzunguka, wakamkuta Fundi peke yake katikati ya karakana tupu, ameinamia dawati lililopinduliwa, kinywani ana misumari mitatu.

"Fundi," Ratiba akasema, "mchana huwa unafanya nini?"

Fundi akatema misumari kiganjani. "Si natengeneza madawati?"

"Kila siku?"

"Kila siku. Si ndivyo ulivyonipangia?"

"Mimi nilikupangia?"

"Hukunipa vipindi mchana. Nikasema basi, Ratiba ameona madawati yamekwisha, kanipa muda wa madawati. Nikashukuru, japo mgongo unaniuma."

"Na maktaba ilipohama, haikukupitia akilini uniambie?"

"Nikuambie nini, dada? Kwamba maktaba imehama? Shule nzima iliona." Akajipangusa vumbi la mbao mkononi, akaongeza kwa upole, "Wewe ndiye Ratiba. Mimi nilidhani unajua unachokifanya."

Ninaamini hakuna maneno yaliyomuuma zaidi katika miaka yake yote ya kazi. Alirudi chumbani kwake, akaangika zile kadi mbili Jumanne mchana, na mbili nyingine Alhamisi mchana. Hazikugongana na chochote. Kazi iliyomshinda tangu Jumatatu ilichukua muda wa kuinua mkono mara nne. Palibaki hata alasiri tatu tupu, zinazotosha makundi matatu zaidi.

Funguo alitarajia atashangilia. Badala yake alikaa kitini akachukua kipande cha chaki, akaandika kwenye ukingo wa meza. Makundi mawili yaliyokataliwa kila mwaka, wanafunzi ishirini kila kundi, kwa miaka sita. Alikuwa mwalimu wa hisabati. Hakuhitaji kuandika, ila alitaka kuiona.

"Mia mbili na arobaini," akasema. "Niliwaandikia kwa mkono wangu. Nafasi zimejaa. Na saini."

"Hukujua, mwalimu."

"Nilijua, kaka. Nilikuwa naazima vitabu." Alifuta tarakimu zile kwa kiganja, zikabaki kama wingu jeupe. "Yuko kijana anayeuza vocha pale kituoni. Alikuja ofisini kwangu mara tatu kuomba useremala. Mara ya tatu nilimkemea kwamba anasumbua."

Funguo alikwenda kuleta chai.

Ratiba alinakili ubao wote jioni ile kabla jua halijatua, na Ijumaa saa nne asubuhi Mkuu akaipeleka ratiba ofisi ya elimu, saa mbili kabla ya muda kwisha, useremala ukiwamo kwa makundi yote kumi na mawili. Fundi hakuhamishwa. Alipoambiwa kwamba sasa alasiri mbili zitakuwa za kufundisha, aliuliza madawati yatatengenezwa na nani.

"Na watakaokuwa wanajifunza kutengeneza," Ratiba akamjibu. "Miaka sita umekuwa ukifanya peke yako somo ambalo watoto walikuwa wanalililia nje ya mlango."

Mlango wake wenyewe ulifunguka kidogo saa tano.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Alhamisi, kipindi cha saba na cha nane."

Futi alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Kweli, mwalimu?"

"Kweli. Na ule mchoro wako mpelekee Fundi, usiniletee mimi."

"Nilikuwa nao hapa hapa..."

"Haya, ulete," Ratiba akasema kwa uchovu, akautazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Akamwonyesha mahali alipokosea kugawanya.

Msichana alipokwisha kuondoka, Ratiba alimwita Funguo, akamvutia kiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mtu yeyote katika chumba kile, kwa kuwa kiti cha pili kilikuwa cha kuwekea kadi. Akalifungua daftari jeusi ukurasa wa kwanza, akashika kalamu nyekundu.

"Sharti la kwanza. Mwalimu wa kemia asipangwe Ijumaa mchana, anakwenda kliniki na mtoto."

"Yule mtoto? Alimaliza shule mwaka juzi, mwalimu. Ana ndevu."

Kalamu ikapita. "Sharti la pili. Muziki usifundishwe ghorofani, mwalimu ana mguu mbovu."

"Huyo alistaafu. Huyu wa sasa anaruka kamba."

"Sharti la tatu. Bomba la jikoni halitoi maji kabla ya saa nne, upishi uanze baadaye."

"Bomba nililibadilisha mwenyewe. Mwaka wa tano huu."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza, mwalimu! Mimi nina mabomba kumi na saba, nitakuja kukuripotia kila moja?"

Waliendelea hivyo, yeye akisoma kwa sauti inayozidi kupanda, Funguo akijibu, kalamu nyekundu ikikwaruza. Saa ya chakula cha mchana ilipita na mama yake, bila shaka, alifunika sahani. Walipofika sharti la kumi na tisa Funguo alikuna kichwa.

"Kidato cha kwanza wasipangwe katika chumba cha sita," Ratiba alirudia kusoma. "Hili ni kwa nini?"

"Chumba cha sita hakina neno. Madirisha mazima, kufuli jipya. Sijui, mwalimu."

"Fikiri."

"Mwandiko ni wako."

Ratiba alilisogeza daftari karibu na macho, akaliweka mbali, akajaribu kukumbuka, akashindwa. Aliinuka, akachomoa kadi tano kutoka safu za kidato cha kwanza, akamtaka Funguo alete funguo za chumba cha sita, wakaenda kukitazama.